Sakafu ya Joto ya Ghubra

Habari ya sakafu Hamood aliipata kwa fundi, si kwa mwanawe.

Alitoka chumbani asubuhi na kikoi chake na kikombe cha chai ya rangi, mlango ukamfungukia kwenye vumbi. Uani, pale alipozoea kutandika busati na kukaa na wenziwe, kijana mrefu mwenye kofia ya plastiki alikuwa anavunja saruji kwa mashine iliyotetemesha hadi chai ndani ya kikombe.

"Wee! Wee bwana! Nani kakwambia uvunje hapo?"

Kiswahili kilimtoka kabla ya Kiarabu, kama ilivyo kila anapoghadhibika. Fundi akazima mashine, akamgeukia kwa furaha.

"Ala! Mzee, kumbe wewe ni mtu wa Kiswahili? Asante Yesu. Mwaka mzima hapa Oman nimenyamaza kama kabati."

"Nimekuuliza nani kakwambia uvunje."

"Kampuni, mzee. Tunajenga chumba ya vioo. Halafu chini ya sakafu tunalaza waya za joto."

"Waya za nini?"

"Za joto. Unawasha, sakafu inapata moto, mtu akikanyaga anasikia raha."

Hamood akatazama juu. Ilikuwa Novemba, na hata hivyo jua la mtaa wa Ghubra lilikuwa limeshakalia ukuta wa jirani kama mwenye nyumba.

"Joto," alisema. "Maskati."

"Hata mimi niliuliza vivyo hivyo. Mkubwa akaniambia, Japheth, umeletwa Oman kulaza vigae ama kuuliza maswali? Nikasema kulaza vigae."

Khalil akateremka ngazi amekwishavaa kwa kazi, kanzu nyeupe imenyooshwa mpaka inakata, kilemba kimekaa sawa, simu sikioni. Alimaliza mazungumzo yake kwanza. Kisha akambusu baba yake kichwani, akaonesha uwa mzima kwa mkono kama mtu anayegawa zawadi.

"Nilitaka nikushitue, Baba."

"Umenishitua."

"Ni kwa ajili yako. Si ulisema miguu yako baridi? Nilipokuwa nasoma Uskochi nyumba zote za maana zina sakafu hizi. Unakaa ndani ya vioo, unaona nje, na chini joto tupu. Hapana mzee Ghubra nzima mwenye kitu kama hiki."

"Sasa, Khalil, mie nilokuwa nataka kukwambia siku ile..."

Simu ikalia. Khalil akaitazama, akanyanyua kidole kuomba ruhusa, akaondoka kidole chake kiko juu mpaka kwenye gari.

Ni kweli Hamood alisema miguu yake baridi. Alisema garini, wakirudi kutoka mazishi ya mkewe, na yale yalikuwa maneno ya mwanzo tu ya jambo zima. Siku ile pia simu ililia.

*

Jambo zima lilikuwa hili. Hamood alikuwa na sukari ya miaka mingi, na sukari ilikuwa imeshamla miguu kwa ndani. Aliiona baridi usiku na mchana, hata Julai, kama mtu aliyetia nyayo katika ndoo ya barafu. Lakini ungemchoma sindano asingejua. Daktari alimwambia mbele ya mkewe: kidonda kimoja usichokiona, mzee, na mguu unakwenda. Tangu siku ile Kheiria, Mungu amrehemu, kila baada ya magharibi alikuwa anapakata miguu ya mumewe, anaitazama kidole kwa kidole na nyayo zote mbili, anaikanda, huku anamsimulia nani kaolewa na nani kaachwa. Kheiria alikufa Ramadhani. Toka hapo nyayo za Hamood hazikutazamwa na mtu.

Mwenyewe hawezi. Mgongo haupindi, macho yana ukungu. Alijaribu kwa kioo cha mkono, akaona feni ya dari. Binti yake, Hind, yuko Salala na mumewe. Shatha, mke wa Khalil, ni mwanamke mwema na anamwita Ami kwa heshima zote, lakini mwanamme mzima hampakatishi mguu mke wa mwanawe. Kliniki alikwenda. Msichana wa dirishani, bila kunyanyua uso, alimpa miadi ya miezi mitano mbele, akasema akiona kidonda ndiyo arudi mapema. Akiona! Wamekaa pale na vyeti vyao ukutani, wanamwambia kipofu akiona arudi.

Kwa hivyo alibaki Khalil. Na Khalil alikuwa mudiri, mkubwa wa idara, na hawa wakubwa wana maradhi yao. Ukiwaeleza haja hawaisikii haja, wanasikia mradi.

*

Siku za ujenzi Hamood na rafiki yake Muslim walikalia kizingiti cha mlango, maana busati halikuwa na pa kutandikwa. Muslim aliuza mboga miaka yote katika soko la Mawaleh na mdomo wake ulibaki wa sokoni.

"Mwanao anataka kukuatamia, Hamood. Akutie kwenye vioo, akuwashie moto chini, baada ya siku ishirini na moja utoke kifaranga."

"Cheka tu."

"Sasa nilie? Na sie tutakaa wapi? Au tutakuwa tunakutazama kwa nje kama samaki wa sokoni Matrah?"

Japheth aliyekuwa anapanga vigae karibu yao akacheka mpaka akaacha kazi. "Wazee, nyinyi mtaniuza. Mkubwa akipita akikuta nacheka atanikata mshahara."

"Akikukata tutakupa kizingiti ukae nasi," alisema Muslim. Kisha akashusha sauti. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Unangoja nini? Mpigie sasa hivi. Mwambie, Khalil mwanangu, njoo unitazame nyayo. Maneno matano."

Hamood akapiga. Simu ilipokelewa mara moja, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi.

"Naam Baba, niko mkutanoni. Kuna nini?"

Hamood akawafikiria hao watu wa mkutano, akazifikiria nyayo zake. "Hapana kitu. Nimekusalimu."

"Basi toa huo mguu nikutazame mie," alisema Muslim akivuta miwani.

"Weye! Macho yako hayaoni basi la abiria, yataona kidonda?" Hamood akauvuta mguu ndani ya kikoi. "Na miguu yangu ni ya kutazamwa na watu wa nyumba yangu."

Hakusema kwa hasira, lakini Muslim alimjua, hakurudia.

*

Chumba kikamalizika. Lazima isemwe kweli, kilikuwa kizuri. Vioo toka chini mpaka juu, vigae vyeupe kama maziwa. Mhandisi Hatem wa kampuni alikuja na miwani yake ya jua, akamfungulia Khalil kitu katika simu, akamwonesha namna ya kupandisha joto na kulishusha akiwa popote duniani.

"Hata nikiwa Japani?" aliuliza Khalil.

"Hata ukiwa mwezini."

Wakati huohuo gari la mizigo likasimama nje. Shatha alikuwa ametoka Matrah na zulia la Kiajemi na magodoro mekundu ya kukalia, manene, ya kuzungusha ukuta mzima, pamoja na mito yake. Nyumba ile, kama nyumba zote za jamaa zao, watu wanakula chini na wanazungumza chini. Viti walikuwa navyo, na juu yake walikuwa wanatundika nguo zilizopigwa pasi.

Japheth alisaidia kuingiza. "Mama, hii yote inakaa juu ya sakafu?"

"Ulitaka ikae darini?"

"Hapana, nauliza tu. Mimi hii sakafu ni mara yangu ya kwanza kulaza. Nimeifunza kwa video, na kwa video hakukuwa na magodoro." Akamgeukia Hatem, akamuuliza kwa Kiarabu chake cha kubandika. Hatem akatazama magodoro, akatazama saa, akampa Khalil karatasi ya kutia saini.

"Khalas, yalla, yamekwisha twende," alimwambia Japheth. "Nyumba ni yao."

Zulia likatandikwa, magodoro yakapangwa, na vile vigae vyeupe havikuonekana tena ila mstari mmoja pale mlangoni. Khalil akamshika baba yake mkono, akamkalisha pembeni penye jua, akabonyeza simu.

"Haya, Baba. Sema."

Wote wakamtazama. Baada ya muda Hamood akasikia vuguvugu, lakini lilimwanzia magotini. Chini ya hapo miguu ilikuwa ileile, ya barafu. Akamwona mwanawe amesimama anangoja kusifiwa, kama alivyokuwa mdogo anapoleta daftari la shule.

"Mashallah," alisema. "Mashallah, mwanangu. Lakini nyayo bado baridi."

"Nitaongeza," alisema Khalil.

*

Ikaingia Januari. Pepo za milimani zikashuka, watu wa Maskati wakatoa makoti yao wanayovaa wiki mbili kwa mwaka. Hamood alishinda katika chumba cha vioo, kwa sababu uwa haukuwapo tena, na kwa sababu alikuwa ametengenezewa. Asubuhi mtu wa nyumbani anamletea chai mle. Anasali mle. Anasinzia mle, nyayo zimeegama godoro lililolala juu ya waya.

Kila siku adhuhuri Khalil alipiga simu kutoka afisini.

"Vipi leo, Baba? Bado baridi?"

"Bado."

"Naongeza kidogo."

Na kweli aliongeza, kwa kidole, huko aliko. Alikuwa mtoto mwenye kumjali baba yake, hilo asinyimwe. Alipiga kila siku. Aliongeza kila siku. Joto likapanda katika vigae, likakutana na zulia, likakutana na godoro, na kwa kuwa halikuwa na pa kutokea, likakaa palepale chini ya miguu ya mtu asiyelisikia.

"Khalil," alisema Hamood siku moja, "ukirudi leo, pita nna maneno na wewe."

"Sema tu, Baba, nakusikiliza."

"Si ya simuni."

"Inshallah. Leo nitachelewa kidogo. Ijumaa anakuja Yazid kula kwetu, mkurugenzi wetu, na kuna mambo makubwa nyuma yake, uniombee dua."

Hakupita. Si siku ile wala kesho yake.

Shatha ndiye aliyeanza kuona alama. Zilikuwa kwenye kile kipande cheupe cha vigae mlangoni na kwenye ukumbi wa kwendea msalani, madoa ya maji, moja moja, yenye umbo la mguu. Alifuta. Yakarudi. Akafuta tena.

"Ami," alisema, na aliona haya kusema, "samahani. Ukishatawadha, ujifute kidogo miguu. Ijumaa tuna wageni, na hivi vigae vinashika alama."

Hamood akaona haya zaidi yake. Mzee mwenye kulowesha nyumba! Akatazama chini, asione kitu ila ukungu na weupe. "Nisamehe, mwanangu. Nitajifuta."

Na akajifuta. Kila akitawadha alikaa akajisugua nyayo kwa taulo gumu, kwa nguvu, asije akaaibishwa tena. Hakuwa na habari kwamba yale hayakuwa maji ya udhu.

Shatha akanunua ndara mbili za mpira, akaziweka mlangoni. Hamood akazivaa bila kuuliza. Alipozivua usiku, ile ya kulia iligandamana na mguu kidogo kabla ya kuachia, naye akadhani ni mpira mpya.

*

Ijumaa baada ya sala wageni wakaingia, Yazid na watu wawili wa afisini, kanzu zao zikinukia udi. Yazid mwenyewe kwao ni watu wa Unguja, ila Kiswahili alikiacha kwa mamake, na penye chakula alisema Kiarabu tu, cha mjini. Khalil alikuwa amepandisha sakafu tangu alfajiri ili wageni wakute kitu kamili. Jua la adhuhuri limeingia kwenye vioo, kwa hivyo kiyoyozi nacho kikawashwa. Juu baridi inapuliza, chini moto unapanda, na watu katikati.

"Baba, wewe utakaa hapa, upande wa Bwana Yazid," alisema Khalil. "Akikuuliza, mwambie tu unavyojisikia."

"Nijisikieje?"

"Vizuri, Baba. Si unajisikia vizuri?"

Muslim hakualikwa, lakini kila Ijumaa alikula nyumba ile tangu Kheiria yu hai, naye hakuona sababu ya kuacha. Khalil akamkalisha mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa tabasamu la kumwomba asizungumze.

Sinia ya biriani ikashushwa. Khalil akaeleza sakafu, akaeleza Uskochi, akaeleza simu. "Nimemtengenezea mzee wangu," alisema. "Alikuwa analalamika miguu."

"Mungu akulipe," alisema Yazid. "Watoto kama nyinyi wamebaki wachache." Akajisogeza kidogo. Baada ya tonge mbili akajisogeza tena. Mmoja wa wale wawili alibadilisha paja la kukalia, mwenziwe akabadilisha naye, wakawa wanapokezana. Majasho yaliwatoka kwenye vilemba na kiyoyozi kinawapiga. Hakuna aliyethubutu kusema neno, maana mkubwa hajasema.

Muslim akavumilia alivyoweza. "Khalil mwanangu," alisema kwa Kiswahili kutoka mlangoni, "tumeitwa kula au kupikwa? Mie upande huu nishaiva, nigeuze."

Yazid akapaliwa na wali. Alikohoa, akacheka, akajipiga kofi gotini. Kumbe Kiswahili alikuwa nacho. Wale wawili walipoona mkubwa anacheka wakacheka pia, na chumba kikapumua.

Aliyekuwa ametulia ni Hamood peke yake. Amekaa kwa adabu zote, goti moja juu, mguu mwingine umekunjwa chini yake. Ndivyo alivyofunzwa na ndivyo alivyokaa maisha yake yote, maana unyayo hauoneshwi mtu. Kumwelekezea mtu unyayo ni kumtukana, kuuonesha mbele ya wageni ni kumvunjia mwenye nyumba hadhi yake. Hata mtoto mdogo wa Kiomani anapigwa kofi la paja kwa hilo.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya udi wala ya biriani. Yazid alitazama chini, pembeni yake, akarudisha tonge siniani. Khalil akafuata macho ya mkubwa wake. Kwenye godoro jekundu, chini ya mguu uliokunjwa wa baba yake, kulikuwa na duara la unyevu, kubwa kama sahani, na kingo zake za njano.

Khalil aliinama kwenye sikio la baba yake. Alisema kwa Kiswahili, haraka, meno yamekutana.

"Baba. Funika mguu."

Hamood hakufahamu kwanza. Alitazama kikoi chake, akatazama sinia. Aliona watu wameacha kula. Aliona Muslim mlangoni ameshika mdomo. Na mwanawe anavuta ncha ya busati la chakula, analileta juu ya mguu wake, analifunika kama mtu anavyofunika kitu kilichomwagika, huku uso wake umegeukia kwa wageni, unatabasamu.

Ndipo Hamood akatia mikono miwili chini ya goti lake. Aliunyanyua ule mguu, polepole, akaunyoosha mbele ya watu wote, akauweka juu ya paja la Khalil, juu ya ile kanzu iliyonyooshwa, unyayo juu.

"Tazama," alisema.

"Baba, wageni..."

"Tazama, nimesema."

Khalil akatazama. Hamood mwenyewe hakuweza kuuona unyayo, kwa hivyo alimtazama Khalil, na katika uso wa mwanawe akausoma mguu wake wote. Alisoma kisigino. Alisoma katikati. Alipofika vidoleni, midomo ya Khalil ilikuwa imeingia ndani kama ya mtoto anayejizuia.

"Tangu lini, Baba?"

"Mie n'tajuaje? Siuoni, wala siusikii. Ndiyo nilokuwa nakwambia."

"Hukunambia! Wallahi hukunambia."

"Nilikwambia miguu baridi," alisema Hamood. "Ukajenga."

Kanzu ya Khalil ilikuwa inalowa. Alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili, mbali kidogo na mwili, hajui auweke wapi. Mkurugenzi ndiye aliyesimama wa kwanza, na Kiswahili chake kilitoka kimechakaa, cha kitoto, kama alivyokiacha.

"Khalil. Mama yangu na yeye alikuwa na sukari. Chukua gari. Sasa hivi."

*

Mguu haukukatwa. Kilikatwa kidole cha mwisho na kile cha jirani yake, na ngozi ya unyayo ikachukua majira mazima kurudi. Daktari alitaka kujua nani alikuwa anamtazama mzee miguu nyumbani. Shatha alilia. Khalil alisema, "Nilimjengea sakafu," akasikia mwenyewe alichosema, akatoka nje.

Lawama nayo ikaanza safari yake. Khalil alimwambia Hatem kwamba kampuni haikusema magodoro hayafai. Hatem alisema kampuni haiulizi watu wanakalia nini ndani ya nyumba zao, na saini ipo. Khalil alimwambia Shatha angemuuliza kabla ya kununua. Shatha alimwambia yeye alinunua magodoro ya kukalia, na hata siku moja hakuambiwa ananunulia jiko. Lawama ikashuka ngazi hivyo, kila mmoja akimteremshia mwenziwe, mpaka ikamfikia asiye na wa kumteremshia.

"Mzee, pole sana," alisema Japheth alipokuja kukata nyaya. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu, kofia mkononi. "Nimeambiwa ni mimi. Kafili, mdhamini wangu, ameniandikia onyo, moja tena narudi Kenya."

"Na mie nimeambiwa ni mie," alisema Hamood. "Eti nimekaa sana."

Japheth akataka kucheka, akashindwa.

"Usijali. Nitamwambia Khalil apige simu kwa huyo mkubwa wako. Kupiga simu anajua."

Siku hiyo hiyo jioni Khalil akaja na kijana mmoja mnyenyekevu, ana mkoba, ana glavu. "Baba, huyu ni muuguzi. Amesomea miguu. Atakuja kila siku, saa unayotaka wewe. Nimeshapanga kila kitu."

Hamood akamtazama yule kijana, akamwitikia salamu vizuri, akamuuliza kwao na wazazi wake. Kisha akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki. Nenda zako nyumbani."

"Baba!"

"Daktari kakuonesha la kufanya?"

"Amenionesha, lakini huyu ndiyo kazi yake..."

"Nakuuliza, kakuonesha?"

"Ndiyo."

"Basi funga mlango."

Muuguzi alipoondoka Khalil alisimama katikati ya chumba. Alikuwa na kanzu yake ya kazi. Hakuwa anajua pa kuanzia, na baba yake hakumsaidia. Alivua kilemba, akakiweka kitandani. Akajaribu kuchuchumaa, kanzu ikambana, akaikunja mpaka magotini, akakaa chini kabisa, juu ya vigae, vilivyokuwa baridi. Aliupakata mguu usio na kidonda kwanza kwa kuogopa ule mwingine.

"Si huo," alisema Hamood.

Khalil akaupakata ule wenye bandeji. Akaifungua mzunguko kwa mzunguko, pumzi zake zinasikika. Akainama, akatazama kisigino, akatazama pembeni, akatenganisha vidole vitatu vilivyobaki kimoja kimoja. Akaweka gumba katikati ya unyayo, akabonyeza kidogo sana.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Sasa nitajuaje kama nakuumiza?"

"Hutojua."

Khalil akainamisha kichwa. Nywele zake za utosini zilikuwa zimeanza mvi, na Hamood hakuwa na habari nazo, siku zote zikiwa chini ya kilemba. Gumba likasogea, likafika chini ya vidole, pale penye mshono.

"Na hapa, Baba?"

"Wala hapo sisikii kitu," alisema Hamood. "Endelea."